Mdaiwa Asiyebadilisha Njia

Mjukuu wangu alipata kitambulisho mwaka jana, na wiki haikwisha kabla simu yake haijampa mkopo. Hakuulizwa baba yake ni nani wala mdhamini wake yuko wapi. Alibonyeza hapa na pale, pesa ikaingia. Alinisimulia huku akicheka kwamba sasa naye ni mtu mzima, hata mashine inamwamini. Nikacheka naye, kisha nikanyamaza, maana mimi nimekopesha watu karibu maisha yangu yote na najua kukopa si kazi. Kazi huanza siku ya kulipa ikifika na mfuko mtupu.

Yeye huniita Susu, kama tunavyowaita nyanya zetu Ukambani, nami humwita mume wangu kwa sababu alirithi jina la babu yake. Nimeona niandike machache ninayotaka abaki nayo, na mwenye mjukuu wa rika hilo akiona yanamfaa, achukue. Wajukuu wa Nairobi ukiwaketisha chini kuwafundisha, macho yao yanarudi kwenye simu. Basi nimeyaweka hukohuko kwenye simu.

Nilikuwa na kibanda cha nafaka Nyamakima, pale karibu na River Road, tangu mwishoni mwa miaka ya sabini hadi magoti yalipokataa. Asiyepafahamu afikirie magunia yaliyokunjwa midomo, yamepangwa hadi barabarani: rosekoko, wairimu, nyayo, mwitemania, njahi, ndengu, kamande, mbaazi. Malori yaliingia usiku kutoka Kitale, Meru, na mipakani Busia na Namanga. Wabebaji walipita na gunia la kilo tisini mgongoni wakipiga mluzi ili uwapishe, na usipowapisha shauri yako. Jioni ukipenga kamasi, kitambaa kinakuwa rangi ya udongo.

Rejareja tulipima kwa gorogoro. Kwa vijana wa dukakuu: huo ni mkebe wa mafuta ya kupikia, ule wa kilo mbili, ambao mafuta yakiisha huanza maisha mapya ya kupimia mahindi na maharagwe. Mkebe ule una hila nyingi kuliko mwanasiasa. Unaweza kubonyezwa kitako kwa nyundo ukaingia ndani kidogo, na mnunuzi anayetazama juu asione kitu. Unaweza kuuchota harakaharaka ili punje zisishikane vizuri, ukajaa hewa. Wapo waliokuwa na mikebe miwili, mmoja wa wageni na mmoja wa wanaojua kupapasa kitako. Mwaka 1984, mvua ilipokosa na watu wakapanga foleni za mahindi ya manjano yaliyokuja kwa meli, mikebe ilibonyezwa mpaka ikafanana na sahani. Kwetu watu walikuwa bado wanasimulia njaa tuliyoiita Nikw'a Ngwete, pesa mkononi na chakula cha kununua hakuna, kwa hiyo hofu ilikuwa kubwa na hakuna aliyegombana na kipimo.

Sitamdanganya mjukuu wangu kwamba wale waliobonyeza waliishia vibaya. Wengine wana nyumba za kupangisha hadi leo. Nyamakima hupita wageni wengi kila siku, na mtu anaweza kuishi kwa wateja wanaonunua mara moja tu. Niliwaona lakini wakihama vibanda, wakigeuza uso mteja wa jana akipita, wakimwachia kijana wao auze wakati fulani wa siku kwa kuwa kuna mtu hawataki kukutana naye. Mimi sikuwa na nguvu ya maisha hayo. Nilipenda kukaa mahali pamoja, nikinywa chai yangu bila kuangalia nani anakuja.

Sasa nifike kwenye daftari, ndiko hasa ninakotaka afike.

Vijana wanaogopa kuorodheshwa CRB, ile ofisi inayoweka rekodi za mikopo na majina ya wasiolipa. CRB yangu ilikuwa daftari la kurasa tisini na sita, kalamu imefungwa kwa uzi ili isitembee. Wateja wangu wa jumla walikuwa wapishi wa githeri na muthokoi, wenye hoteli ndogo za River Road, akina mama wa Mathare, Kariobangi na Gikomba. Walichukua Jumatatu, wakauza wiki nzima, wakalipa Jumamosi. Biashara ile haingesimama bila deni, kwa hiyo swali halikuwa nimpe mkopo au nisimpe. Swali lilikuwa nimpe nani.

Kulikuwa na mama mmoja aliyepika githeri Gikomba. Yeyote wa Nairobi anajua Gikomba na moto. Soko lile limeungua mara nyingi kiasi kwamba watu wanazungumzia moto wa mwaka fulani kama wakulima wanavyozungumzia mvua. Ukatokea moto mmoja wa usiku, na asubuhi yake, kabla sijamaliza kufungua magunia, mama huyo alikuwa amesimama mbele yangu akinuka moshi. Alikuwa na deni langu la gunia zima la maharagwe. Akasema, "Mama, sina. Sufuria zimeyeyuka, maharagwe yako nimeyaacha pale chini ni makaa. Nimekuja unione, usije ukafikiri nimehama." Hakulia wala hakuomba chochote. Nilimpimia nusu gunia jingine, nikaandika chini ya lile deni la kwanza. Jirani yangu wa kibanda aliniuliza kama nina akili timamu.

Miezi hiyohiyo kulikuwa na bwana mmoja mwenye hoteli, mezani kwake kuna vitambaa vya plastiki vyenye maua, biashara imechangamka. Deni lake lilikuwa dogo, halikufika robo ya lile la mama wa githeri. Sijui alikwama wapi. Jumamosi moja hakuja, iliyofuata akatuma kijana kununua kwingine, na baada ya hapo akaanza kupita upande wa pili wa barabara. Nilijua shati lake kwa mgongo. Pesa ile ningeweza kuisahau, nilikwisha kusamehe kubwa kuliko hiyo. Kilichonichoma ni kwamba kila akivuka barabara alinifanya mimi kuwa kitu cha kukwepwa, kama shimo la maji taka, na mimi ndiye niliyekuwa nimemsaidia.

Tangu hapo nilipima watu kwa njia hiyo, na haikuniangusha mara nyingi. Watu husema dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli, lakini dawa hiyo si kila siku ipo kabatini. Siku haipo, mtu bado ana miguu ya kumfikisha kwa anayemdai na mdomo wa kusema "bado". Hicho ndicho ninachotaka mume wangu mdogo akijue kuliko vyote. Atakosa pesa, atakosea kazini, ataahidi asitimize, mji huu hauna anayeumaliza akiwa msafi. Sina wasiwasi na hayo. Wasiwasi wangu ni atakapoanza kubadilisha njia.

Babu yake, mwenye jina, hakuwa mwema sana wa mdomo. Alifanya kazi karakana moja ya Industrial Area, mtu wa maneno machache na kofia moja. Miaka ya tisini, wakati viwanda vilikuwa vinafungwa na wafanyakazi wanapunguzwa kila upande, naye akapunguzwa. Nairobi ya wakati ule ilikuwa na wanaume waliovaa suti asubuhi, wakaaga wake zao, wakaenda kuketi Jeevanjee au Uhuru Park hadi jioni. Mchana walilala kwenye nyasi, tukawatania kwamba wanakula hewa. Wengine walifanya hivyo miezi, mke anajua mume yuko kazini, mpaka mwenye nyumba anapobisha. Wangu alirudi siku ileile saa kumi, mapema kuliko kawaida, akasimama mlangoni kabla hata ya kuvua kofia, akasema, "Wametupunguza. Pesa ya mwisho ni hii." Halafu akauliza kama kuna chai. Nilikasirika, si kwake, nikapika chai kwa kelele nyingi za sufuria. Lakini usiku huo tulijua tutatoa mtoto yupi shule ya bweni na tutauza nini. Mwanamume aliye kwenye nyasi Uhuru Park hawezi kufanya mpango huo na mkewe, maana kwake nyumbani bado kuna mshahara.

Jambo jingine la babu yake, la zamani zaidi. Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, kulipokuwa na jaribio la kupindua serikali, tulikuwa tumeshahamia Dandora. Tulikuwa tunajenga. Miradi ile ya viwanja tulipewa sehemu yenye choo na bafu, vyumba ukavijenga mwenyewe kadiri mfuko unavyoruhusu, kwa hiyo kila mtu mtaani alikuwa na rundo la mchanga mlangoni. Mjini maduka yalivunjwa, na hadi jioni watu walikuwa wanaingia mtaani na vitu vichwani: jora za vitambaa, redio, viatu vya mguu mmoja. Jirani yetu alikuja na televisheni. Alitaka tumfichie kwa kuwa chumba chetu kimoja kilikuwa na mlango wa chuma.

Nilisimama nyuma ya pazia nikisikiliza. Babu yake hakumwita mwizi wala hakumsomea Biblia. Alimwambia, "Hii sitaiweka. Lakini mambo yakikugeukia, watoto wako watakula hapa." Msako ulipoanza, mambo yakamgeukia kweli, akachukuliwa, na watoto wake walikula kwetu ugali na sukuma mpaka aliporudi. Aliporudi alianza ule mtindo: akitoka asubuhi anapita nyuma, kwenye mfereji, asije akakutana nasi. Babu yake alivumilia kidogo, kisha akamfuata huko huko kwenye mfereji akamwambia anahitaji mtu wa kumsaidia kumwaga zege la chumba cha pili, aje Jumamosi na sepetu. Alikuja. Walimwaga zege siku nzima bila kutaja televisheni, na hadi leo sijawahi kusikia imetajwa.

Nilijifunza pale kwamba anayedai naye ana wajibu. Ukitaka mtu asikukwepe, mwachie upenyo wa kurudi. Sikuwahi kumdai mtu mbele ya mteja mwingine. Sikumtuma mtoto kudai, wala sikumjibu vibaya mtoto aliyetumwa kukopa, kwa sababu mtoto huyo hakuchagua ujumbe aliobeba. Na nilipoona mtu amekwisha kuanza kupita ng'ambo, mara nyingine nilivuka mimi. Si kila mara. Yule wa hoteli sikumvukia, nilikuwa na kiburi changu.

Simulizi ninayompa mjukuu wangu mara nyingi, mpaka ananimalizia sentensi, ni ya mwaka 2008. Desemba 2007, kabla ya uchaguzi, nilikuwa nimempelekea mfanyabiashara mmoja wa pande za Burnt Forest pesa ya magunia ya mahindi na maharagwe, kwa mkono wa dereva wa lori kama tulivyozoea. Hakuwa wa kabila langu, na hatukuwahi kuandikiana chochote. Kisha nchi ikawaka. Barabara za Bonde la Ufa zikazibwa, reli ikang'olewa Kibera, Nyamakima ikawa na vibanda vilivyofungwa na wenye vibanda waliokaa nje wakisikiliza redio. Simu yake nilipiga ikawa ni mteja asubuhi na jioni, sauti ile ya dada inayokwambia hapatikani kwa sasa. Pesa ile niliizika moyoni. Nilichoomba ni awe hai.

Siku moja nambari nisiyoijua ikapiga. Alikuwa kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Eldoret, pamoja na maelfu waliokimbilia huko, akitumia simu ya kuazima yenye muda wa dakika chache za maongezi. Kwa simu ya namna hiyo mtu humpigia ndugu yake, au mtu wa kumtumia blanketi. Alinipigia mimi niliyekuwa namdai. Alisema ghala limechomwa, mahindi yangu yakiwemo, na kwamba hajui atalipa lini ila hakutaka nilisikie jambo hilo kutoka kwa dereva. Nikamuuliza watoto. Akasema wote wapo. Salio likaisha hapo.

M-Pesa ilikuwa na umri usiofika mwaka, wengi wetu sokoni tulikuwa bado tunaishuku. Baada ya mambo kutulia ndiyo aliyoitumia. Shilingi mia tatu. Kimya. Mia tano. Kimya kirefu. Mwaka mmoja alituma mia mbili na ujumbe kwamba karo za shule zimemmaliza. Alipofika mwisho wa deni, nchi ilikuwa imeshapiga kura tena. Kibiashara mtu angesema ni hasara, maana mia tatu za 2009 si mia tatu za 2007. Mimi nilianza kumnunulia tena hata kabla hajamaliza, na niliwapeleka kwake wengine watatu wa Nyamakima bila kuogopa.

Mjukuu wangu ananiambia dunia imebadilika. Na kweli, kukwepa siku hizi kumekuwa rahisi mno. Zamani ilibidi uvuke barabara na mtu akuone mgongo. Sasa unazima simu, au unaacha kutazama ujumbe zile alama zisigeuke buluu. Babu yake alipofariki tulifungua kundi la WhatsApp la mipango ya mazishi, kama ilivyo desturi siku hizi. Mhazini alipoweka orodha ya michango, watu wakaanza kuondoka. Fulani ametoka. Fulani ametoka. Nilijua kwa nini: hawakuwa na kitu, wakaona haya. Walidhani kundi lile lilikuwa la pesa tu.

Mmoja alibaki, mtu wa makamo aliyefanya vibarua na marehemu karakanani. Hakuchanga hata shilingi. Lakini matanga yote alikuja Dandora kwa miguu kutoka Korogocho, akaazima viti kanisani, akawasha moto, akachemsha maji ya chai, usiku wa manane akavirudisha viti na kuvihesabu. Siku ya mwisho aliniita kando akaniambia, "Mama, mimi sina mchango." Nilishindwa nimjibu nini. Orodha iliposomwa jina lake halikuwemo, na wanangu wakataka kujua kwa nini nimemketisha mstari wa mbele.

Nilipomaliza hayo, mjukuu wangu alinipinga, na nilifurahi kwamba alinipinga. Alisema, "Sawa Susu, lakini hawa wa simu niwaendee wapi? Hawana kibanda. Nikikosa kulipa, nitamsimamia nani mbele nimwambie sina?" Rafiki yake mmoja, alinieleza, alichelewa kulipa kampuni moja ya mkopo, wakawapigia watu walio kwenye simu yake: mwalimu, shangazi, msichana aliyekuwa anamtongoza. Najua Bunge lilibadilisha sheria mwaka 2021, na kanuni za Benki Kuu za mwaka uliofuata zikakataza vitisho na mchezo huo wa kuwapigia jamaa za mdaiwa. Lakini hoja yake ilibaki palepale, na nilikaa nayo muda mrefu. Yote niliyomwambia yanataka kuwe na mtu upande wa pili. Mama wa githeri alinikuta mimi. Yule wa Burnt Forest alisikia nikiuliza watoto. Mashine haiulizi watoto.

Kwa hiyo nilimwambia kitu ambacho sikuwa nimekipanga. Akikwama, akope kwa mwenye uso. Mama mboga wa karibu na chuo chake, mjomba, rafiki, mwenye duka la mtaani, hata kama wanatoa kidogo na wanauliza maswali ya kukera. Akasema ndiyo sababu hasa vijana wanapenda simu, kwa kuwa haikuangalii usoni wala haikuulizi umefanyia nini ile ya kwanza. Nikamwambia ndiyo sababu hasa mimi siipendi. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na sidhani nilimshinda. Ni mkaidi kama mwenye jina.

Alipokuwa anavaa viatu aliuliza, nusu mzaha, kama basi akikosa nauli aje kwangu. Nikamwambia aje, ila aje kabla ya Ijumaa. Ijumaa ni siku ya chama, na nikishatoa mchango wangu sibaki na hata ndururu.